Nguruwe wa Nne

Mlango wa nyuma wa nyumba ya Bi Otilia Partida ulikuwa haufungwi. Komeo lilikuwepo, tena komeo zuri la chuma, lakini lilishika kutu kwa kukosa kazi. Kila binti yake Nereida alipokuja kumjulia hali aliusukuma mlango huo kwa bega, maana ulikuwa mzito, nao ukalia, na kabla hajatia mguu ndani sauti ilitoka jikoni.

"Uli?"

"Mimi, mama."

"Aa. Ingia basi, chakula kinapoa."

Uli ni Ulises, kaka mdogo wa Nereida. Alitoka kwa mlango huo asubuhi moja miaka sita iliyopita, viatu vimepigwa rangi, akaenda kwenye usaili wa kazi ya ulinzi aliyoiona kwenye simu. Hakurudi. Kazi haikuwepo, kampuni haikuwepo, na anwani aliyopewa ilikuwa kiwanja kitupu karibu na stendi kuu ya Guadalajara. Huku jimboni Jalisco habari kama hiyo haihitaji maelezo. Kila mtaa una mama yake aliyechapisha sura ya mtoto kwenye fulana na anayeijua njia ya kwenda ofisi ya mwendesha mashtaka hata akifumba macho.

Kabati la Uli lilikuwa vilevile. Bi Otilia alizitoa nguo zake mara kwa mara, akazifua, akazipiga pasi na kuzirudisha, zisije zikashika uvundo. Mlango wa nyuma aliuacha wazi kwa sababu Uli hakuwa na ufunguo wa mbele. Ufunguo wake aliusahau mezani siku ile ile. Nereida alikwisha kumwambia mama yake mara nyingi kwamba mtaa wenyewe si wa kulala mlango wazi. Mama alimjibu kwamba komeo ni bovu.

Mwanzoni, kila alipoulizwa "Uli?", Nereida alilia njia nzima ya kurudi kwake. Mwaka wa pili ikawa inamkasirisha. Baadaye haikumfanya kitu. Alikula, akaosha vyombo, akaaga, akaondoka. Ganzi ilikuwa imeingia, naye hakuifukuza, maana ilimwachia nafasi ya kufanya kazi.

Na kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo. Nereida alikuwa injinia katika maabara ya mitambo inayojiendesha, na kwa miaka minne alikuwa akitengeneza droni ya kutafuta makaburi ya siri. Usifikiri alifanya hivyo kwa ajili ya kaka yake. Watu walipenda kufikiri hivyo, na waandishi wa habari waliokuja kupiga picha walilitaka jibu hilo kabla hawajauliza swali. Yeye aliwaambia kwamba mradi ulipata fedha, ndiyo maana. Waliandika kwamba ni mwanamke jasiri.

Droni nyingi huruka zinapoambiwa ziruke. Hii ya kwao iliamua yenyewe. Ilikuwa na kamera inayoona rangi ambazo jicho la mtu halizioni, na nyingine inayoona joto la ardhi kabla jua halijapanda. Udongo uliochimbwa hausahau upesi. Majani yanayoota juu ya mwili yana kijani chake, na ardhi hapo hupoa kwa namna yake. Droni ilipita, ikaangalia, ikaweka alama ya shaka, na pale iliposhuku sana ilirudi bila kuitwa, ikashuka chini na kuzunguka. Kazi ya Nereida ilikuwa hapo penye kuamua: ishuku nini, ishuku kiasi gani, na ikishuku ifanye nini. Akina mama wanaotafuta watoto wao waliopotea waliibatiza jina la Mdaku, kwa vile ilikuwa haitulii mpaka imejua mambo ya watu.

Ili Mdaku ajifunze, ilibidi azikiwe kitu. Ndipo wakaingia nguruwe. Nguruwe ana uzito wa mtu na huoza karibu sawa na mtu, ndiyo maana, hakuna zaidi. Maabara iliwazika, ikapitisha droni juu yao mvua na kiangazi, ikaandika majani yalivyobadilika. Na kwa kuwa wanaotupwa kwenye mashimo hawavishwi sanda, bali huenda na nguo walizotoka nazo nyumbani, nguruwe nao walivishwa. Dokta Gudiño, mkuu wa maabara, hakukubali nguo mpya. Alitaka zilizovaliwa, zilizotokwa na jasho na kufuliwa mara nyingi. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa ofisini. Akina mama walijua habari ya nguruwe. Habari ya nguo hawakuambiwa, kwa heshima.

Wa kwanza kabisa walizikwa kwenye kilima cha Los Guajes, juu ya mashamba ya mikonge ya buluu inayotengenezewa pombe ya tekila. Walipanga watatu, mfugaji akawaletea wanne. Baadaye wanakijiji wenye ardhi wakabadili mawazo, maabara ikaambiwa iondoe mizoga yake. Watatu wakatolewa. Wa nne hakuonekana, kwa sababu mtu alikuwa ameng'oa vigingi vya alama akaenda kupikia, na nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Walichimba hapa na pale siku nzima, wakachoka, wakarudi mjini. Kwenye kumbukumbu za maabara akaandikwa kuwa amepotea, na Efraín, fundi wa droni, akawa anauliza kila sherehe kama nguruwe wa nne amealikwa.

Miaka mitatu ikapita.

Ndipo kikundi cha akina mama kikapigiwa simu na mtu asiyejitaja. Wanapigiwa hivyo kila mara. Sauti ikasema Los Guajes, ng'ambo ya kijito, penye mapango, kisha ikakata. Jumamosi alfajiri walikuwa huko: akina mama na nondo zao za chuma za kuchomea ardhi, askari wachache wa kuwalinda waliokaa kivulini kabla kivuli hakijatokea, mtaalamu wa mifupa wa serikali, na Nereida na Efraín na Mdaku.

Bi Otilia alikuwa amevaa fulana yake yenye picha ya Uli anacheka. Kando yake alikuwa Bi Chelo, ambaye mtoto wake wa kike alipatikana shimoni mwaka uliopita na bado akaendelea kuja, maana, alisema, nyumbani angefanya nini.

"Haya, ameamka na umbea wake," Bi Chelo alisema Mdaku alipopaa. "Injinia, mwambie apite na kwa mume wangu wa zamani, nijue analala kwa nani."

"Hafiki mbali hivyo, Bi Chelo. Betri."

"Mbali wapi, yuko mtaa wa pili."

Walicheka. Bi Otilia naye alicheka, akagawa kahawa ya mdalasini kutoka kwenye chupa na mikate yenye maharage. Nereida alikula wake akiwa ameinamia skrini. Mkate ulikuwa mzuri. Alijua ni mzuri kwa sababu wengine walisema.

Kwa muda mrefu Mdaku alikwenda na kurudi upande wa mapango bila kuona neno. Halafu akageuka. Nereida alikuwa amemwekea mpaka kwenye ramani, na mpaka uliishia kijitoni. Lakini alikuwa amemwekea pia kanuni nyingine, ambayo yeye mwenyewe aliipigania katika vikao vya maabara: shaka ikizidi kiasi fulani, uvuke. Mdaku akavuka kijito. Akashuka chini ya mteremko, akazunguka mahali pamoja kama kuku anayetafuta pa kutagia, akabaki hapo. Kwenye skrini doa likawa jekundu.

"Mama yangu wee," Efraín alisema polepole. "Sijaona shaka kubwa hivi toka tuanze."

"Huko si ndiko tulikozika wale wa kwanza?"

"Wale walikuwa juu zaidi. Nadhani." Efraín alijikuna shingo. "Au siyo. Nyasi zote zinafanana. Kama ni yule wa nne, basi tumempata, tutamkaribisha sherehe."

Nereida alifikiri awaambie akina mama wangoje. Lakini walikuwa wamekwisha kuvuka, viatu mkononi, nondo begani, na walikuwa wamechimbua mbwa na ng'ombe wengi katika maisha yao. Nguruwe mmoja zaidi asingewaua. Alibeba rimoti yake akawafuata. Hakuna kingine alichokifikiria. Baadaye alijitahidi sana kukumbuka kama kilikuwepo kingine, na hakikuwepo.

Bi Otilia ndiye aliyepiga nondo. Inapigwa kwa nyundo mpaka iingie vya kutosha, halafu inavutwa, na ncha inanuswa. Alivuta, akanusa, akawapa wengine wanuse.

"Uvundo upo," alisema Bi Chelo. "Ni wa zamani, lakini upo."

Walianza kwa jembe, wakaendelea kwa beleshi, na ardhi ilipobadilika rangi wakaendelea kwa mikono. Hawasemi maiti, wala mwili, wala mifupa. Wanasema hazina. Aliyekuwa shimoni akainua mkono akasema kwa sauti ya kawaida, "Hazina," wanaume wakavua kofia, na mmoja akakimbia kumwita mtaalamu, aliyekuwa bado upande wa mapango.

Kilichotokea kwanza ni kitambaa. Kilikuwa cha buluu, au kiliwahi kuwa, kimegandamana na udongo. Bi Otilia alipiga magoti, akakifuta kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyomfuta mtoto mdomo. Safu ya vifungo ikajitokeza. Vilikuwa vyeupe, isipokuwa cha chini kabisa, ambacho kilikuwa cha kijani.

"Shati la Uli," alisema.

Hakupiga kelele. Alisema kana kwamba wamemuuliza.

"Una uhakika, dada?" Bi Chelo alimshika bega.

"Nilikishona mimi. Cheupe sikukipata, akaniambia weka chochote, mama, nani ataangalia kifungo." Akakiangalia. "Nani ataangalia kifungo."

Hapo ndipo Nereida akakumbuka. Siku ile ya kuzika nguruwe wa nne alikuwa amelala kwenye gari bila nguo, kwa kuwa walinunua mnadani nguo za watatu tu. Nyumba ya mama ilikuwa njiani. Mama alikuwa kanisani. Nereida alisukuma mlango wa nyuma kwa bega, na jikoni hakuna aliyeuliza kitu, akaenda moja kwa moja kabatini, akachukua shati lililokuwa mbele. Walihitaji shati la mwanaume lililovaliwa, na kabati lilikuwa na mashati ya mwanaume yaliyovaliwa. Mkono wake haukusita. Ndiyo, alilijua kuwa ni la nani. Alipanga kumwambia mama jioni. Jioni ikapita na neno likapita nayo, na tangu siku hiyo hakuwahi kuliwaza lile shati, hata mara moja, hata alipokaa mezani na kabati likiwa mbele yake.

Sasa alikuwa amesimama na rimoti mkononi, na juu ya vichwa vyao Mdaku aliendelea kuzunguka akivuma. Alijua kwamba anapaswa kuwa na hofu. Aliitafuta. Alichokipata ni kwamba betri ilikuwa imebaki kidogo, akamwamuru Mdaku ashuke.

Mtaalamu alifika akihema, akavaa glovu, akaingia shimoni. Akina mama waliendelea kusimama wameshikana mikono. Alifanya kazi kwa brashi, akainamisha kichwa huku na kule, akachomoa taya, akaigeuza juani. Kisha akakaa juu ya visigino vyake.

"Bi Otilia," alisema. "Sijui nikupe pole au nikupongeze. Huyu si mtu. Tazama meno haya. Ni nguruwe."

Halafu Bi Chelo akapumua kwa nguvu.

"Nguruwe amevaa shati. Sasa nchi hii imekwisha kabisa."

Mmoja akacheka kwa kukosa la kufanya, mwingine akaanza kulia. Efraín alikuwa ametazama chini. Alimjua nguruwe wake, na alikuwa ameona shati likivishwa, ila hakujua lilitoka kabati gani. Sasa alikuwa anajua. Alimtazama Nereida mara moja tu, akainama tena.

Bi Otilia alikuwa bado amepiga magoti ukingoni mwa shimo. Alipoinua uso, Nereida aliona kitu ambacho hakukiona miaka sita. Mama yake alikuwa anatabasamu.

"Basi yuko hai," alisema Bi Otilia.

"Dada," Bi Chelo alianza.

"Ngoja, Chelo. Nisikilize. Sikuwaambia kwa sababu mngesema nimechanganyikiwa. Wewe Nereida hasa ungesema." Alijifuta mikono kwenye sketi. "Shati hili halikuondoka na Uli. Uli aliondoka na lile jeupe la usaili. Hili lilikuwa kabatini. Miaka mitatu nyuma nilitoka kanisani, nikaenda kurudisha nguo za pasi, nikaona halipo. Hakuna kilichoibwa nyumbani, televisheni ipo, fedha za mtungini zipo. Shati tu. Nani anaingia nyumbani kwa watu akachukua shati moja? Ni mwenyewe. Alikuja akanikosa. Labda anajificha, labda wanamfuata, sijui. Lakini alikuja. Na sasa shati hili hapa, na yeye hayumo ndani yake. Mnaona? Amelivua, wamemvalisha mnyama, uchawi wao huo, sijui, lakini yeye hayumo." Alipumua. "Ndiyo maana siufungi mlango. Komeo halina ubovu wowote."

Akina mama walimtazama, na wengine, wale waliotafuta kwa muda mrefu zaidi, walianza kumtazama kwa wivu.

Nereida angeweza kunyamaza. Efraín asingesema. Dokta Gudiño asingejua kwamba kuna la kusemwa. Mtaalamu angeandika mnyama, mama angerudi nyumbani na tabasamu lile, na angelala mlango wazi katika mtaa ule mpaka siku atakayoingia mtu, na mtu huyo asingekuwa Uli. Au asiingie mtu kamwe, na mama azeeke akiwa amepikia watu wawili. Nereida aliyaona yote mawili, na hakuna lililomchoma. Hilo ndilo lililomfanya aseme. Aliona kwamba asiposema sasa, hatakuja kusikia uchungu wa kitu chochote tena.

"Mama. Nguruwe ni wetu."

"Wenu?"

"Wa maabara. Huwa tunawavisha nguo ili mashine ijifunze. Mmoja alitupotea hapa. Shati nililichukua mimi."

Alisema kwa sauti ile ile anayosomea hali ya betri. Aliisikia mwenyewe.

Bi Otilia alitazama kifungo, akatazama picha kwenye fulana yake mwenyewe, akaivuta chini kama imekunjamana.

"Siku gani?"

"Siku uliyokuwa kanisani. Misa ya kumwombea bibi."

"Uliingia kwa mlango wa nyuma."

"Ndiyo."

"Nilipika pozole jioni ile," Bi Otilia alisema. "Supu ya mahindi, sufuria kubwa. Nilisema, kama amekuja leo atarudi tena usiku, na pozole ndiyo aliyoipenda. Ukaja wewe. Ukala sahani mbili."

"Nakumbuka. Uliniambia ni ya majirani."

"Nilikuambia hivyo."

"Mama, nilitaka kukuambia. Nikasahau."

"Ulisahau," mama alisema. Hakuwa anauliza, wala hakuwa anakaripia. Ilikuwa kama ameokota kitu akakirudisha mahali pake.

Bi Chelo alimsogelea Nereida akiwa amekunja uso. "Wewe msichana," alisema kwa sauti ya chini, "mashati yamejaa mnadani, yamemwagwa chini kama takataka. Ulikosa nini?" Bi Chelo hakungoja jibu. Alikwenda kumwinua mwenzake.

Lakini Bi Otilia alikuwa ameinuka mwenyewe. Akamwomba mtaalamu ampe shati, kama si ushahidi wa kitu. Mtaalamu alisita, akatazama askari, kisha akalikata pale liliposhikana na mbavu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki na kumkabidhi. Bi Otilia akauweka mfuko kwenye kikapu, juu ya mikate iliyobaki. Akaifuta nondo kwa nyasi.

"Mashine yako," alimwambia Nereida bila kumtazama, "nani aliiambia kwamba kuna nguruwe hapa?"

"Hakuna. Imeona yenyewe."

"Miaka mitatu chini ya ardhi, na imeona."

"Ndiyo."

"Haya. Irudishe ng'ambo basi. Mapango bado hatujamaliza."

Na kweli walirudi, wakavuka kijito, wakapiga nondo mpaka jua lilipokuwa kali mno. Hawakupata kitu. Bi Otilia alifanya kazi yake kama siku zote, ila hakugawa kahawa tena, na chupa ikarudi nyumbani nusu.

Dokta Gudiño alipiga simu wakiwa garini. Efraín alikuwa amemtumia picha za skrini kabla mambo hayajaharibika.

"Yenyewe? Bila nyie kuigusa?"

"Yenyewe, Dokta," Nereida alisema.

"Na ilivuka mpaka kwa ile kanuni yako?"

"Kwa ile kanuni yangu."

"Nereida, unaelewa hii ni nini? Hili si jaribio tulilopanga sisi. Hakuna atakayesema tuliipendelea. Tumeitafuta hii miaka minne. Sikiliza, Jumatatu naleta keki."

"Asante, Dokta."

"Mbona huna furaha? Umechoka?"

"Jua kali, Dokta."

Walipofika mjini Efraín alisema, "Sikujua, Injinia. Naapa ningejua nisingefanya utani ule wa sherehe." Nereida akamwambia hakuna neno. Na kwake yeye kweli hakukuwa na neno. Jumatatu alikula keki, wenzake wakampigia makofi, akaeleza kwenye ubao namna shaka ilivyopanda.

Mama hakupiga simu wiki nzima. Jumapili akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Njoo uchukue nguo."

"Nguo gani, mama?"

"Za kaka yako. Zote nimezitia kwenye mfuko. Kama kidude chenu kinajifunza kwa nguo, kijifunze kwa hizi. Nimeacha kanzu ya komunyo tu, ile haifai, ya mtoto."

"Mama, si lazima."

"Sikukuuliza kama ni lazima. Njoo kabla ya chakula."

Alikwenda. Aliegesha gari mahali pake pa siku zote, akapita uchochoro wa pembeni, mbwa wa jirani akambwekea kama kawaida yake, akauona ukuta, mitungi ya maua, na kamba ya nguo. Kwenye kamba lilikuwa limeanikwa shati moja, limefuliwa mpaka likapoteza rangi, linachuruzika. Upande mmoja lilikuwa limechanika vibaya. Kifungo cha kijani kilikuwepo.

Nereida alipita bila kusimama, akaupa mlango bega.

Bega liligonga ubao likauma. Alidhani mlango umevimba kwa mvua, akausukuma tena kwa nguvu zaidi. Haukusogea. Aliweka kiganja juu yake, akasikia ulivyotulia, umeshikwa kwa ndani. Kutoka kwenye upenyo ilikuja harufu ya mafuta ya cherehani, ambayo mtu huyatia kwenye chuma kilichoshika kutu ili kitembee.

Hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba hiyo maisha yake yote. Ilibidi afikirie agonge kwa kidole gani. Akagonga.

Ndani kijiko kiliwekwa chini. Ndala zikaburuzwa sakafuni, zikasogea, zikasimama upande wa pili wa mlango, karibu sana.

"Nani?" mama yake aliuliza.

Nereida alishika ukuta. Kilichokuwa kimemkosa kilimani, na mezani penye keki, na miaka yote ile, kilikuja sasa chote kwa mkupuo, akasikia uchungu. Alikuwa na jibu. Alikuwa amelitoa kwenye mlango huo miaka sita, na halikuwahi kumshinda. Alifungua mdomo kulisema, na halikutoka.

"Nani hapo?" mama yake aliuliza tena.